Na, Au, Si: Historia ya Opereta za Boole na Tatizo la Neno katika Utafutaji wa Matini za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya opereta tatu za Boole, yaani NA, AU na SI, kutoka mantiki ya karne ya 19 hadi utafutaji wa matini kamili katika hifadhidata za leo. Hoja kuu ni kwamba opereta zenyewe hazibagui lugha. Kinachobagua ni kipashio ambacho zinakiunganisha. Katika hatua nyingi za historia hiyo, kipashio kilichukuliwa kuwa neno la kimaandishi linaloanza kwa shina na kubadilika mwishoni. Kiswahili huambisha sana mwanzoni mwa neno. Kwa sababu hiyo, utafutaji wa matini za Kiswahili huleta matokeo pungufu bila mtafiti kuuona upungufu huo. Makala yanapendekeza kwamba dai lolote la kitaaluma kuhusu uchache au kutokuwapo kwa neno katika matini lifafanue jinsi neno hilo lilivyotafutwa.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia tasnifu iliyochunguza msamiati wa kisiasa katika magazeti ya Kiswahili yaliyochapishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwanafunzi alikuwa na bahati ambayo kizazi chetu hakikuwa nayo: sehemu ya magazeti hayo ilikuwa imekwisha kuwekwa katika hifadhidata inayotafutika. Aliandika *kujitegemea* katika kisanduku cha kutafutia, akapata orodha ndefu, akaisoma yote kwa uaminifu. Kisha akahitimisha kwamba dhana hiyo ilijitokeza katika magazeti hayo kama jina la sera na wala si kama wito kwa wananchi. Sura ilikuwa imeandikwa vizuri, nami niliipitisha.

Kosa lilijulikana baadaye, pale yeye mwenyewe alipokaa na nakala chache za karatasi na kuzisoma kwa macho. *Tujitegemee*, *wajitegemee*, *tusipojitegemea* na *hatujajitegemea* zilikuwamo, wakati mwingine katika ukurasa uleule. Wito ulikuwapo tangu mwanzo. Hifadhidata haikuuonesha kwa sababu haikuulizwa, na sisi wawili hatukujua kwamba hatukuuliza. Swali letu lilikuwa limekwisha kuchagua umbo la nomino kabla ya uchambuzi kuanza, halafu tukaligeuza chaguo hilo kuwa matokeo ya utafiti.

Makala haya yanauliza kosa la namna hiyo linatoka wapi. Jibu la haraka ni kwamba mwanafunzi hakujua kutumia opereta za utafutaji. Ninakusudia kuonesha kwamba jibu hilo halitoshi. Hata angezijua zote, zana aliyopewa ilikuwa na dhana ya neno isiyolingana na neno la Kiswahili, na dhana hiyo ina historia. Nitatumia istilahi *opereta* badala ya *viunganishi* ili kutenganisha alama za kimantiki na aina ya maneno tunayoifundisha katika sarufi. Kama itakavyoonekana, kuzichanganya mbili hizo ni sehemu ya tatizo.

2.0 Kutoka Mantiki hadi Kadi

George Boole alizaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka 1815. Sehemu kubwa ya hisabati yake alijifunza mwenyewe, na mwaka 1849 akawa profesa katika chuo kipya cha Cork, Ireland. Katika kitabu chake kifupi cha mwaka 1847, na kile kikubwa zaidi cha mwaka 1854, alijaribu kuandika kanuni za fikra kwa alama za aljebra. Herufi moja iliwakilisha tabaka la vitu. Ikiwa *x* ni vitu vyeupe na *y* ni kondoo, basi *xy* ni kondoo weupe, yaani vile tu vilivyomo katika matabaka yote mawili. Hapa ndipo ilipozaliwa opereta tunayoiita NA.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa na mwanaisimu. La kwanza ni kwamba AU ya Boole haikuwa AU ya leo. Yeye aliruhusu kujumlisha matabaka yasiyoingiliana tu. William Stanley Jevons, katika kazi yake ya mwaka 1864, ndiye aliyetetea AU jumuishi, ile inayokubali kitu kilichomo katika tabaka la kwanza, la pili, au yote mawili. Hivyo, hata ndani ya mantiki yenyewe maana ya opereta hii ilikuwa jambo la kuamuliwa.

La pili ni kwamba NA ya kimantiki haifanani na *na* ya mazungumzo. Msomaji anayemwambia mkutubi, “Naomba vitabu vya Lamu na Pate,” kwa kawaida anataka vitabu vya Lamu pamoja na vitabu vya Pate. Katika lugha ya opereta, anachotaka ni AU. Akiandika NA, atapewa vile tu vinavyozungumzia miji yote miwili, na atastaajabu kuona rafu imekuwa tupu. *Na* ya Kiswahili hujumlisha watu na vitu, huonesha usindikizaji, na humtaja mtenda katika kauli ya kutendwa. NA ya Boole hufanya kazi moja tu: hupunguza. Kadiri unavyoongeza masharti, ndivyo matokeo yanavyopungua.

Kwa muda mrefu aljebra hiyo ilibaki mali ya wanamantiki. Mwaka 1937 Claude Shannon, katika tasnifu yake ya uzamili huko Marekani iliyochapishwa mwaka uliofuata, alionesha kwamba saketi za swichi zinaweza kuelezwa kwa aljebra ya Boole. Swichi mbili zilizopangwa mfululizo ni NA. Zilizopangwa sambamba ni AU. Tangu hapo mantiki ikawa kitu kinachoweza kutengenezwa kwa waya.

Wakutubi nao walifika hapohapo kwa njia ya karatasi. Katika miaka ya 1940, W. E. Batten wa Uingereza alitumia kadi zenye matundu ambapo kila kadi iliwakilisha mada moja na kila nafasi kwenye kadi iliwakilisha hati moja. Ukiweka kadi mbili moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga, mwanga utapenya pale tu ambapo hati moja ina mada zote mbili. Huo ndio utendaji wa NA, na unaonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mortimer Taube huko Marekani alipendekeza kwamba hati ziorodheshwe kwa maneno mamoja mamoja badala ya vichwa virefu vya mada, kisha maneno hayo yaunganishwe wakati wa kutafuta.

Pendekezo la Taube lilikuwa na nguvu kubwa, lakini lilileta hasara mbili. Kwanza, mahusiano ya kisintaksia yalipotea: anayetafuta *mwalimu* NA *mwanafunzi* hawezi kutofautisha hati ambamo mwalimu alimpiga mwanafunzi na ile ambamo mwanafunzi alimpiga mwalimu. Pili, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, neno moja la kimaandishi lilifanywa kuwa kipashio cha msingi cha maarifa. Hilo ni dai la kiisimu, japo lilipokewa kama utaratibu wa maktaba tu.

3.0 Kutoka Kadi hadi Matini Kamili

Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kuorodhesha mada na kuiingiza matini yote katika kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Horty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh alikabiliwa na kazi iliyoonekana ndogo. Istilahi moja iliyohusu watoto wenye ulemavu wa akili ilipaswa kubadilishwa kila ilipotokea katika sheria za jimbo la Pennsylvania. Wasomaji waliopewa kazi hiyo waliruka sehemu kadhaa. Horty akaingiza sheria hizo katika kompyuta na kuiagiza itafute. Ni muhimu kukumbuka kwamba utafutaji wa matini kamili ulikuzwa na haja ya kupata istilahi katika maumbo yake yote, umoja na wingi, bila kuruka hata moja. Tatizo la mofolojia halikuja baadaye. Lilikuwapo tangu asili.

Wahandisi walilitatua kwa kadiri ya Kiingereza. Katika Kiingereza, sehemu kubwa ya mabadiliko ya kisarufi hutokea mwishoni mwa neno. Inatosha kuandika mwanzo wa neno na kuweka alama inayosema “na chochote kinachofuata.” Mfumo wa LEXIS, uliofunguliwa kwa wanasheria wa Marekani mwaka 1973, ulitumia alama ya mshangao kwa kazi hiyo. Mifumo mingi iliyofuata ilitumia kinyota. Ziliongezwa pia opereta za ukaribu, zinazodai maneno mawili yasitengane kwa zaidi ya maneno kadhaa, ili kurudisha sehemu ya sintaksia iliyopotea kwa Taube.

Kulikuwa na njia nyingine. Padri Roberto Busa wa Italia, aliyeanza mwaka 1949 kushirikiana na kampuni ya IBM kutengeneza faharasa ya kazi za Thomas Aquinas, hakuridhika kupanga maumbo kama yalivyoonekana kwenye ukurasa. Alitaka kila umbo la Kilatini lihusishwe na neno lake la kikamusi. Kazi hiyo ilichukua takribani miaka 30. Hifadhidata za kibiashara hazikuwa na subira hiyo, nazo zilifuata njia ya kinyota.

Je, njia hiyo ilifanikiwa hata kwa Kiingereza? Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha tathmini ya mfumo wa STAIRS wa IBM, uliotumiwa na mawakili katika kesi moja kubwa. Hifadhidata ilikuwa na hati zipatazo 40,000, sawa na kurasa takribani 350,000. Mawakili waliamini kwamba walikuwa wamepata angalau asilimia 75 ya hati zilizohitajika. Walikuwa wamepata takribani asilimia 20. Sababu mojawapo ilikuwa ya kisemantiki: jambo ambalo upande mmoja uliliita ajali, upande mwingine uliliita tukio, hali au tatizo. Hesabu hizo mbili zinafundisha kitu ambacho kila mtafiti wa matini anapaswa kukihofia. Upungufu mkubwa uliambatana na imani kubwa. Anayetafuta huona alichopata. Hana namna ya kuona alichokosa.

4.0 Neno la Kiswahili Mbele ya Kinyota

Hifadhidata nyingi tunazotumia leo zimejengwa juu ya programu chache. MySQL iliongeza utafutaji wa matini kamili kwa opereta za Boole mwaka 2001. Alama ya kujumlisha mbele ya neno hudai neno hilo liwepo, alama ya kutoa hulikataza, na kinyota mwishoni mwa neno hukubali mwendelezo wowote. PostgreSQL iliingiza utafutaji huo katika kiini chake mwaka 2008, ikitumia alama tofauti kwa NA, AU na SI. Zote mbili zinategemea faharasa ya maneno yaliyopangwa kwa mpangilio unaofanana na wa kamusi, kila neno likiwa na orodha ya hati zake. Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini kinyota hukaa kulia. Katika kamusi ni rahisi kuyafikia maneno yote yanayoanza na *som-*, kwani yamekaa pamoja. Kuyapata yote yanayoishia na *-soma* kunahitaji kusoma kamusi nzima.

Sasa tuchukue kitenzi *-soma*. Kwa nafsi 6 na njeo 4 za *-na-*, *-li-*, *-ta-* na *-me-*, tunapata maumbo yakinishi 24, kuanzia *ninasoma* hadi *wamesoma*. Ukanushi wake unaongeza mengine 24. Hayo 48 hayajagusa viambishi vya mtendwa, virejeshi, masharti wala mnyambuliko. Hakuna hata moja kati yake linaloanza na *soma*. Mtafiti anayeandika *soma* na kinyota atapata *soma*, *someni* hatalipata, na *somo* halitakuwamo. Akiandika *som* na kinyota atapata *somo*, *someni* na *Somalia*, lakini bado hatapata *alisoma*. Tuseme programu imeruhusu kinyota mwanzoni. Hata hivyo, *hasomi* na *asome* hazitapatikana kwa *-soma*, kwa sababu irabu ya mwisho nayo hubadilika. Akilegeza pande zote mbili na kutafuta chochote chenye *som* ndani yake, atapata kila anachotaka pamoja na Wasomali wote. Ukamilifu umenunuliwa kwa gharama ya usahihi.

Tatizo hili linatokana pia na othografia. Kiswahili, kama Kizulu, huandika viambishi na shina kuwa neno moja. Kisotho cha Kaskazini huvitenga: *ke a leboga*, yaani “ninashukuru”, huandikwa kama maneno matatu, na shina linasimama peke yake tayari kutafutwa. Kwa muundo wa lugha, Kisotho hicho na Kizulu ni ndugu. Mbele ya faharasa ya kompyuta ni kama lugha za familia mbili tofauti. Uamuzi wa mahali pa kuacha nafasi, uliofanywa kwa ajili ya wasomaji wa karatasi, umegeuka kuwa uamuzi wa nini kitapatikana na nini kitafichika.

Watunga kamusi wa lugha za Kibantu walilifahamu tatizo hili mapema. Doke na Vilakazi, katika kamusi yao ya Kizulu ya mwaka 1948, walipanga nomino kwa mashina. Kamusi za Kiswahili kwa kawaida huingiza vitenzi kwa shina na nomino kwa kiambishi cha umoja. Anayefungua kamusi kutafuta *hatukuwasomesha* huvua viambishi kichwani mwake kabla ya kufungua ukurasa. Uchanganuzi huo tumeuzoea kiasi cha kusahau kwamba tunaufanya. Kompyuta haiufanyi isipofundishwa.

Kuna vizuizi vingine vidogo vinavyoonekana vya kiufundi tu. Katika aina ya majedwali ya MySQL iitwayo MyISAM, neno lenye herufi chini ya 4 haliingizwi kwenye faharasa isipokuwa msimamizi abadilishe mpangilio huo. Matokeo yake kwa Kiswahili ni ya ajabu: *watu*, *miji*, *miti* na *mito* hupatikana, lakini *mtu*, *mji*, *mti* na *mto* hazipo. Ngeli mbili zimepoteza umoja wa baadhi ya nomino zake za kawaida kabisa. Katika aina ya InnoDB kiwango cha chini ni herufi 3, kwa hiyo *mtu* anarudi. PostgreSQL nayo, kwa kichanganuzi chake cha kawaida, huchukulia kibainishi kuwa mpaka wa neno, na *ng’ombe* hukatwa kuwa *ng* na *ombe*.

Opereta ya SI inastahili tahadhari ya pekee. Mtafiti anayechunguza habari za walimu wa shule anaweza kuchoshwa na makala zinazomhusu Mwalimu Nyerere, akaandika *mwalimu* SI *Nyerere*. Ataondoa makala hizo, na ataondoa pia kila makala ya walimu wa shule iliyomnukuu Rais hata mara moja. Kwa magazeti ya kipindi hicho, sehemu hiyo haiwezi kupuuzwa. SI ya Boole haikanushi kauli kama inavyokanusha *ha-* ya Kiswahili. Huitupa hati nzima.

5.0 Yanayowezekana

Historia hii haituachi mikono mitupu. Opereta ya AU, ikitumiwa kwa ujuzi wa lugha, inaweza kufanya kazi kubwa. Anayechunguza elimu atafute *shule* AU *skuli*, ama sivyo atakuwa ameiacha Zanzibar nje. Anayechunguza teknolojia atafute *kompyuta* AU *tarakilishi* AU *ngamizi*. Anayechanganya opereta atumie mabano, kwani katika mifumo kama PostgreSQL, NA hufungwa kabla ya AU. *Lamu* AU *Pate* NA *utenzi* bila mabano italeta kila kitu cha Lamu, na tenzi za Pate pekee.

Njia ya pili ni kubadilisha kipashio. Toleo la 5.7 la MySQL lilileta kichanganuzi kinachokata matini katika vipande vya herufi chache, kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea. Lugha hizo zilipata suluhisho kwa sababu tatizo lake lilionekana wazi: kwa Kichina na Kijapani, maneno hayatenganishwi kwa nafasi. PostgreSQL nayo ina nyongeza ya vipande vya herufi tatu tatu, ambayo huwezesha kulipata shina hata likiwa katikati ya neno. Kwa Kiswahili njia hii inaongeza ukamilifu, lakini Wasomali wetu watabaki palepale.

Njia ya tatu ni ile ya Busa. Tangu mwaka 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, kwa kutumia nadharia ya viwango viwili ya Kimmo Koskenniemi. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambamo kila neno limehusishwa na umbo lake la kikamusi. Anayetafuta kwa umbo hilo hupata *alisoma*, *hasomi* na *asome* kwa swali moja, bila Somalia. Hili linathibitisha kwamba kikwazo hakimo katika Kiswahili wala katika opereta. Kimo katika hatua inayorukwa kati ya matini na faharasa. Hifadhi zetu nyingi za magazeti, hotuba na tasnifu bado zinairuka.

6.0 Hitimisho

Opereta za Boole zimepita katika aljebra, swichi, kadi na faharasa bila kubadilika sana. Kilichobadilika ni vitu zinavyoviunganisha: matabaka, mada, hatimaye maneno. Zilipofika kwenye maneno, zilikuta neno lililokwisha kukatwa kwa kipimo cha lugha nyingine.

Kwa taaluma yetu jambo hili lina uzito kuliko usumbufu wa kiufundi. Tunazidi kuandika historia ya istilahi, ya fasihi na ya fikra za kisiasa kwa kutegemea visanduku vya kutafutia. Mtu akidai kwamba neno halikutumika kabla ya mwaka fulani, au kwamba mwandishi fulani hakugusia dhana fulani, mara nyingi dai hilo limesimama juu ya swali moja lililoandikwa kwa umbo moja. Ninapendekeza kwamba tasnifu na makala zinazotumia hifadhidata zitaje, katika sehemu ya mbinu, maumbo yaliyotafutwa, opereta zilizotumika, na kama faharasa ilichanganua mofolojia au la. Ninapendekeza pia kwamba sampuli ya matini isomwe kwa macho kabla ya kukubali jibu la sifuri. Wasimamizi wa tasnifu tuanze na sisi wenyewe.

Kiswahili kimetupa njia ya kuusema upungufu huu kwa usahihi. Kompyuta inapojibu kwamba hakuna matokeo, tumezoea kuandika kwamba neno *halipatikani*. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba *halijapatikana*, na tofauti ya viambishi hivyo viwili ndiyo iliyokosekana katika ile sura niliyoipitisha.